Mke kwa Mola, Mwenzi kwa Kodi

Mwenzi, katika Kiswahili chetu, ni neno la heshima. Kuna mwenzi wa safari, mwenzi wa bao, mwenzi wa chuoni. Lakini mpwa wangu aishiye Columbus, Ohio, alipoambiwa kuwa mkewe ni “mwenzi wa nyumbani”, dada yangu hakulala. “Mwanangu ana mke,” aliniambia kwa simu. “Kaozeshwa na walii, kwa mahari na mashahidi wawili. Huo uwenzi umetoka wapi?”

Umetoka katika bima. Walifunga ndoa msikitini bila ya leseni ya kaunti, na mwajiri alipotaka cheti cha serikali, hakikuwapo. Kwa bahati mwajiri huyo huwalipia pia waishio pamoja bila ya ndoa inayotambuliwa. Bibi akaandikwa katika fungu hilo. Zamani Ohio iliikubali ndoa ya mazoea, watu wakiishi na kujulikana kuwa ni mume na mke. Mlango huo ulifungwa kwa ndoa za baada ya tarehe 10 Oktoba 1991.

Kisha ikaja kodi. Sheria ya shirikisho haitozi kodi bima ya afya ambayo mwajiri humlipia mfanyakazi, mumewe au mkewe, wanaomtegemea, na watoto wake wasiotimiza miaka 27. Mwenzi wa nyumbani hamo. Thamani ya bima yake huongezwa juu ya mshahara kana kwamba ni fedha taslimu, ikaandikwa katika W-2, ile karatasi ya mapato ya mwaka. Wahasibu huyaita mapato ya kukisiwa. Sisi wa tungo tumezoea kuhesabu mizani, silabi kwa silabi, ila hatujapata kuhesabu neno lisilotamkwa. Tuseme bima hiyo ina thamani ya dola 6,000, na mtu yumo katika daraja la asilimia 22. Atatoa dola 1,320 za kodi ya mapato, na 459 za mifuko ya uzeeni na ya matibabu ya wazee: jumla 1,779, kwa fedha ambazo mkono wake haukuzishika.

Mzigo huu uliwalemea pia watu wa jinsia moja waliooana kihalali katika baadhi ya majimbo, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Edith Windsor, tarehe 26 Juni 2013.

Husamehewa mwenzi aliyeishi na mfanyakazi mwaka mzima, naye akimkimu kwa zaidi ya nusu ya matumizi yake, pamoja na masharti mengine. Bibi wetu ana kazi yake katika duka la dawa. Hakukimiwa na mtu.

Mwezi wa Machi walikwenda kuchukua leseni, na imamu mwenye idhini ya jimbo akatia saini. Tangu hapo makato yamekoma. Ya miezi iliyotangulia hayakurudi, na dada yangu bado anauliza ni tarehe ipi ataiandika nyuma ya picha ya harusi.