Mistari miwili ambayo mama hachumi

Najua nimekuwa kimya wiki tatu. Ilikuwa tesiti juu ya tesiti, madesa yamenikaa kichwani mpaka nikaota namfundisha bibi yangu saikolojia ya elimu. Habari za bumu msiniulize, halijatoka, tuendelee na maharage yetu. Leo naandika habari za yale maua ya njano nyuma ya hosteli, maana wengi mmeniuliza na wengine mmeanza kupigia picha pale kama vile ni studio.

Kwanza, yale si maua ya bustani. Yale ni marejea. Nimeyapanda mimi, na mbegu nimetoka nazo nyumbani Ringwani kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Kwa wale ambao mkisikia Mara mnafikiria mapanga tu: Ringwani ni kata ya Wilaya ya Serengeti, kwetu Wangoreme, na ng'ambo ya Mto Mara ndiyo Tarime. Hatuishi na simba. Tunalima mihogo, mahindi, mtama na ulezi, tunafuga, na jioni tunakula ugali na mboga chungu.

Rumeti wangu ni mtu wa Songea. Siku maua yalipofunguka alisimama dirishani na kikombe chake cha chai akasema, "Wewe, marejea yako yameshatoa ua, mbona huyafukii?" Nikamuuliza nifukie nini, hiyo si mboga? Jamani, alicheka mpaka chai ikamwagikia kwenye madesa. Kwao mtu anayekula marejea ni kama mtu anayekula samadi. Kwetu mtu anayefukia marejea mabichi ardhini tungemuita mchungaji amwombee.

Nilipoenda kusoma nikakuta wote wawili tuko sahihi. Kule Ruvuma, Wabenediktini wa Peramiho, hasa Padre Gerold Rupper, waliyapigia debe sana marejea kwenye miaka ya 1980 kama mbolea ya kijani. Unayapanda, yanakua, yakianza kutoa ua unayafukia, na shamba lililochoka linapata nguvu bila kununua mfuko wa mbolea. Siri iko kwenye mizizi. Ng'oa mche mmoja taratibu utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa kucha, kama ndani ni chekundu kidogo ujue kinafanya kazi, bakteria wa humo wanakamata nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mimi nikisikia jina marejea nasikia "kurejea", udongo unarudi ulivyokuwa. Sijui kama aliyelitunga alifikiria hivyo ila naona linafaa.

Sisi wa kanda ya ziwa tumebaki na upande wa sufuria. Majirani zetu Wajaluo wanaiita mito, na ukivuka Kenya sokoni utaisikia mitoo. Kwa kweli ni ndugu wawili wanaofanana. Mmoja, Crotalaria brevidens, majani yake yamekoza rangi na ni machungu kwelikweli. Mwingine, Crotalaria ochroleuca, ndiyo haya marejea, majani yana rangi iliyopauka na uchungu wake unavumilika. Yote mawili ni ya Afrika hii hii, hayakuja na meli ya mtu. Nasema hivyo kwa sababu kuna alizeti mwitu, lile ua kubwa la njano mnalolisifia kando ya barabara. Lile asili yake ni Meksiko na nchi za jirani yake, na likishaingia kwenye shamba linaota kama limelipia kiwanja. Nyuki wanalitembelea, sikatai, lakini mimi kulipanda hapana.

Sasa nije kwa mama.

Mama anapanda marejea mistari kumi hivi pembeni ya mihogo, vuli na masika. Hana kitalu. Anafukua mfereji mwembamba kwa kidole, anamwaga mbegu, anafunika kwa udongo kidogo tu kiasi cha kuficha, maana mbegu ni ndogo na ukizizika hazitoki. Mistari inaachana kama hatua ya mtoto. Zikiota anapunguzia, na ile miche aliyong'oa ndiyo mboga ya kwanza. Baada ya hapo hang'oi tena, anakata ncha, mche unachipua pembeni, anakata tena. Mafungu yanaenda gulioni. Fungu ni shilingi 500, na siku mboga zikijaa sokoni anauza mawili kwa bei hiyo. Daftari zangu za sekondari zimetoka humo, na nauli pia.

Lakini mistari miwili ya mwisho, ile iliyo karibu na jiko, hachumi. Hata ncha hagusi. Ukimkuta mtu anachuma pale utasikia sauti ambayo kanisani haijawahi kusikika.

Nilipokuwa kidato cha tano, mwezi ule nauli ya kurudi shule ilipungua shilingi 8,000. Mistari mingine ilikuwa imekwisha kuchumwa yote, imebaki vijiti. Ile miwili ilikuwa imenenepa, majani yamejaa, bado haijatoa ua. Nikamwambia mama, tuchume hii, kesho ni gulio. Akasema hapana. Akauza jogoo. Nilikasirika, kwa sababu yule jogoo alikuwa wa sikukuu, na kwa akili yangu majani yangechipua lakini jogoo hachipui. Mama hakunieleza chochote. Alisema tu, "Hiyo si yangu, hiyo ni ya mbegu na ya wale weusi."

Wale weusi ni nyuki. Si nyuki wa asali, na msimchanganye na dondora. Ni yule nyuki mkubwa mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, anayenguruma kama pikipiki ya mbali, halafu anatoboa mbao. Kule kwetu watoto wanamkimbia. Bure tu, maana jike anaweza kukuchoma ukimshika lakini hana haja na wewe, na dume hana mwiba kabisa. Kuna aina ambazo dume ana manyoya ya njano, ukimwona utadhani ni mdudu mwingine.

Kwa nini huyo? Mwaka wa kwanza hapa chuoni tulipofundishwa uchavushaji nilipata mchoro uleule mnaoujua, ua limekatwa katikati, mishale inaelekeza sehemu, nenda kakariri. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna maua yenye mlango. Nendeni nyuma ya hosteli mkajaribu. Ua la marejea lina petali moja kubwa imesimama nyuma kama bendera, ya njano yenye vistari vya rangi ya damu ya mzee, mbili ziko pembeni kama mabawa, na mbili zimeungana mbele zikafanya kitu kama mtumbwi wenye ncha iliyopinda. Chavua na kila kitu muhimu kimefungiwa ndani ya huo mtumbwi. Bonyeza mabawa kwa kidole taratibu kuelekea chini. Utaona chavua inatoka kwenye ncha kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu. Ukiachia, mtumbwi unarudi mahali pake.

Basi hiyo kazi ya kidole chako ndiyo anayoifanya yule mweusi kwa uzito wake. Anatua, mlango unashuka, chavua inampaka tumboni, yeye anakunywa nekta yake na kwenda ua la pili. Kuna nyuki wengine wa saizi ya kati wanaoweza pia, kama wale wanaokata majani kwa miduara na kuyabeba. Nyuki mwepesi nimemwona mara nyingi akihangaika pembeni, anatafuta upenyo wa kuiba nekta bila kugusa mlango. Mama hajawahi kuona mchoro wetu, lakini anasema mwaka ambao wale weusi ni wachache, maganda yanakuwa machache na mengine mepesi. Na hao hao ndio anaowaona asubuhi kwenye maua ya maboga na kunde zake.

Tatizo ni kwamba wale weusi wanaishi kwa baba.

Baba alijenga nyumba ya bati mwaka nilioingia chuo. Mbao za kenchi alizinunua kwa kuuza dume la ng'ombe, na kwetu ng'ombe hauzwi hivi hivi. Mwaka haujaisha, mbao zina matundu ya mviringo, safi kama yametobolewa na fundi kwa keekee, na chini yake unga wa mbao. Jike ndiye anayetoboa. Mbao hali, anazitema. Anachotaka ni handaki. Ndani anagawa vyumba vidogo, kila chumba anaweka donge la chavua na nekta, anataga yai moja, anafunga, anaanza kingine. Yaani marejea ya mama yanapandishwa darini kwa baba, yanalea watoto. Ukiniuliza mimi ni maajabu. Ukimuuliza baba ni uharibifu wa mali.

Baba akafunga kitambaa kwenye waya, akachovya mafuta ya taa, akawa anasukumiza kwenye kila tundu, halafu anaziba kwa udongo. Nilikuwa likizo. Nikamwambia, "Baba, hao si wa kuua, ndio wanaoshika mboga ya mama." Akashuka ngazi pole pole, akaniangalia. "Hizi mbao umenunua wewe?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sioni kama yeye ana makosa. Wanaharakati wa mazingira wangekuja pale na fulana zao wakamwambia apende nyuki, wangeondoka na gari lao, na bati lingebaki la kwake. Mbao ikitobolewa miaka na miaka, kizazi juu ya kizazi, inalegea kweli.

Nilichofanya ni kusoma. Wale nyuki wanapenda mbao kavu iliyo wazi, isiyo na rangi wala mafuta. Kwa hiyo badala ya kuwaua unaweza kuwanyima mlango na kuwapa mwingine. Nikamweleza baba habari ya oili chafu, ile wanayomwaga mafundi wa bodaboda, apake mbao zote zinazoonekana nje. Mafundi wenyewe wanaipaka kwenye mbao kwa ajili ya mchwa, kwa hiyo hilo alilikubali haraka, mchwa anawaheshimu. Halafu mimi na mdogo wangu tukafunga magogo makavu mawili kwenye uzio, upande wa jua la asubuhi, hatua chache kutoka ile mistari miwili. Baba akapita akauliza, "Na haya ni makaburi ya nani?" Hakuyaondoa lakini.

Turudi nyuma ya hosteli. Iringa si Ringwani. Kwetu mvua ni misimu miwili, hapa ni mmoja, kwa hiyo nilisubiri mpaka Desemba ndipo nikapanda, na baridi ya hapa imefanya yakue polepole kuliko nilivyozoea. Eneo ni dogo, kama magodoro mawili, nimeliomba kwa mama wa usafi kwa ahadi ya mboga. Mistari ni minne. Miwili tumeila (rumeti wa Songea sasa anaomba aongezewe, hasa nikichemsha, nikamwaga maji ya kwanza, kisha nikaweka maziwa). Miwili nimeacha. Adui ni mmoja, kiwavi mwenye nywele na madoa ya rangi ya machungwa anayetoboa maganda na kula mbegu zikiwa changa. Mzazi wake ni nondo mweupe mzuri mwenye vidoa vyekundu na vyeusi. Namwokota kila asubuhi kwa mkono kabla ya kipindi. Jamii hii ya mimea ina sumu ndani yake, na yule kiwavi anaitunza mwilini ili ndege wasimle. Kwa hiyo ombi moja: Crotalaria ziko aina 700 hivi duniani, nyingi Afrika, na maua ya nyingi ni ya njano. Nyingine zinaua ng'ombe. Msije mkachuma yoyote mnayoikuta njiani kwenda mjini mkasema mimi nilisema ni mboga. Na mbegu hazipikwi.

Wale weusi wamekuja, hata hapa. Wa kwanza nilimwona Jumanne nikiwa nakariri Vygotsky. Alitua, ua likainama, likafunguka, akaenda zake. Nilimpigia mama kumweleza, akasema, "Ehee," kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza, akampa simu baba.

Baba anasema oili iliisha kabla hajamaliza. Amepaka mbele na pembeni, nyuma bado, pale juu ya jiko. Nyuki wote wamehamia nyuma. Kwenye magogo yangu kuna tundu moja tu. Nikamuuliza atamalizia lini, akasema fundi wa bodaboda siku hizi anaiuza oili chafu, haitoi bure tena, na mama yako anasema pale nyuma pasiguswe mpaka avune.

Maganda yangu bado ni ya kijani. Yakikauka yanakuwa ya kahawia na ukiyatikisa yanalia kama njuga miguuni mwa mcheza ngoma; hapo ndipo yanavunwa, upesi, kabla hayajapasuka yenyewe na kumwaga kila kitu chini. Nadhani itakuwa karibu na UE. Anayetaka mbegu aniambie mapema, na aje na kichupa chake.