Shilingi ya Mshahara wa Waziri

Kila mwaka katika miezi ya Aprili, Mei na Juni, Wabunge wakusanyikapo Dodoma kuzitengeneza fedha za mwaka ujao, husikika katika redio neno moja linalowachekesha watu wa Handeni na Korogwe. Mbunge husimama akasema kwamba asipopewa maelezo ya kutosha ataishika shilingi ya Waziri. Mzee mmoja wa Chanika alituuliza: “Mabilioni yote yale yapita, naye ashika shilingi moja isiyonunua hata kijiti cha kiberiti. Kuna nini, mwalimu?” Swali lake ni kubwa kuliko alivyodhani, nasi tulimwahidi kulijibu kwa maandishi.

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa fedha za Serikali si mali ya Serikali. Zatoka kwa watu: katika sukari tununuayo, katika kodi ya dukani, katika ushuru wa machungwa na mahindi yapitayo kizuizini. Kwa Katiba ya mwaka 1977 hazitoki katika Mfuko Mkuu wa Hazina ila kwa idhini ya sheria iliyopitishwa na Bunge. Basi kila Waziri huja Bungeni kama mwenye kuomba, akaeleza amefanya nini na zile za mwaka unaokwisha, na hizi mpya atazifanyia kazi gani. Ndani ya fungu analoliomba umo na mshahara wake mwenyewe. Mbunge asiyeridhika hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara ule. Waziri hatakufa njaa kwa shilingi. Lakini fungu lote husimama mpaka ajibu, na hoja ikipita ni kama Bunge limesema mbele ya nchi nzima kwamba halikupendezwa na kazi yake. Ni kama kumshika mtu upindo wa kanzu: nguo haikupotea, lakini mwenye nguo haendi.

Labda msomaji atasema, Mambo haya ni ya Kizungu. Ni kweli kwamba asili ya desturi hii ni Bunge la Uingereza. Walakini haja yake ni ya kwetu tangu zamani. Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, Wakilindi wakagombana wao kwa wao, na watawala wadogo wakawakamata watu wakawauza utumwani. Wabondei hawakuwa na mahali pa kumwita mtawala ajibu. Wakainuka kwa silaha, wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao, na mambo hayo yakaitwa Kiva. Hayo ndiyo yaliyokuwa maswali ya nyongeza ya siku zile.

Hata Waingereza walipoweka Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, hapakuwa na Mwafrika ndani yake. Wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, waliingia mwaka 1945, nao walichaguliwa na Gavana, si na watu. Tena kwa miaka mingi Gavana mwenyewe ndiye aliyeketi kitini. Mwenye kuulizwa ndiye aliyewapa ruhusa waulizaji! Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Leo ibara ya 63 ya Katiba yawapa Wabunge kazi ya kuisimamia Serikali na kuishauri, kwa niaba ya wananchi. Wanayo maswali ya kila siku ya mkutano. Wanazo kamati, na mojawapo, ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, yaweza kuwaita hata wakuu wa halmashauri zetu waeleze fedha zimekwenda wapi. Wanaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake humfikia Rais mwisho wa Machi kisha huletwa Bungeni. Wazee walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wanayo pia kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na hata njia ya kumshtaki Rais, ingawa silaha hizo mbili hazijapata kumwangusha mtu katika nchi hii.

Mwaka mmoja tuliona jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa. Mwaka 2006 mvua zilikosekana, bwawa la Mtera likapungua maji, na nchi ikakaa gizani kwa zamu. Hata jirani za mitambo ya Hale hapa Korogwe waliwasha vibatari. Serikali ikafanya mapatano na kampuni ya Marekani iitwayo Richmond ilete mitambo ya umeme ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati, na mkataba ukapita mkononi mwa kampuni nyingine, Dowans. Novemba 2007 Bunge, Spika akiwa Samuel Sitta, likaunda Kamati Teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mmoja wao alikuwa jirani yetu, Herbert Mntangi, Mbunge wa Muheza. Wanne kati ya watano hao walikuwa wa chama kile kile kilichoshika Serikali, nalo ni jambo la kutiwa moyoni. Wakaita mashahidi, wakafunua majalada. Tarehe 6 Februari 2008 mwenyekiti akasoma taarifa: kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, taratibu zilipindwa, na Waziri Mkuu apime mwenyewe wajibu wake. Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, akasimama Bungeni akasema kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Alilalamika pia kwamba Kamati haikumwita imsikilize, na haki yataka tulitaje neno lake. Mawaziri wawili wakaondoka pamoja naye, Rais Kikwete akavunja Baraza la Mawaziri, akamteua Mizengo Pinda.

Watu walisikiliza redio dukani siku hiyo kama wasikilizavyo mpira. Hata mwaka 2014, katika jambo la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ilisoma taarifa yake, na Mwanasheria Mkuu na Mawaziri wawili wakapoteza kazi zao kabla mwezi wa Januari uliofuata haujaisha.

Lakini tusijidanganye kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Desemba 2018 Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alisema katika mahojiano ya redio ya Umoja wa Mataifa kwamba ripoti zake zisipofanyiwa kazi, huo ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akamwita mbele ya kamati ya maadili, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo Rais Magufuli akamweka mtu mwingine mahali pake. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba kumwondoa vile hakukupatana na Katiba. Sisi twaona jambo hili ni zito. Mkaguzi ndiye jicho la Bunge. Naye mwenye jicho alilikasirikia jicho kwa kumwonyesha doa la uso wake.

Na hapa ndipo twarudia neno la Gavana. Kwa Katiba yetu Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Mawaziri huteuliwa miongoni mwa Wabunge, na Waziri hasimami kumwuliza Waziri mwenzake. Marehemu Dk. Abdallah Kigoda alikuwa Mbunge wa Handeni kwa miaka mingi, akafa Oktoba 2015 akiwa Waziri wa Viwanda na Biashara. Heshima hiyo tuliifurahia, ila kwa miaka ile ya uwaziri Handeni haikuwa na kinywa chake cha kuuliza saa ya maswali. Tena Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais aweza kulivunja. Na Mbunge akifukuzwa katika chama chake hupoteza na kiti. Majirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliwatoa Mawaziri katika Bunge kabisa. Hatusemi kwamba wamepona maradhi yote, lakini walau aulizaye na aulizwaye hawali sahani moja.

Wasomaji wa Handeni watasema, Na maji yetu je? Katika miaka ya 1970 yalijengwa mabomba ya kuyavuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha mpaka Handeni, mradi ambao hata watoto huujua kwa herufi zake, HTM. Mabomba yakazeeka, watu wakaongezeka, wanawake wakarudi malamboni na ndoo. Wabunge wa huku wameuliza habari hizi Bunge baada ya Bunge, na jibu tulilolizoea ni kwamba kazi itafanywa kadiri fedha zitakapopatikana. Mwulizaji asiye hodari huketi hapo. Aliye hodari husimama mara ya pili akauliza: Zile zilizopitishwa mwaka jana, zilifika ngapi? Maana fedha iliyopitishwa na fedha iliyofika ni vitu viwili, na katikati yao kijiji chaweza kukaa na kiu miaka kumi. Tarehe 6 Juni 2022 huko Chamwino ilitiwa sahihi mikataba ya maji ya miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Mkopo hulipwa, nao watakaoulipa wengine bado wanabebwa mgongoni.

Nasi wapiga kura tuna sehemu yetu. Katika mikutano ya uchaguzi tumesikia wagombea wakiombwa jezi za mpira, mabati na hata mchango wa sanda. Hatukupata kusikia mtu akimwuliza Mbunge anayemaliza miaka yake mitano kwamba aliuliza maswali mangapi, akajibiwa nini. Yote hayo yameandikwa kwa Kiswahili, neno kwa neno, katika taarifa za Bunge ziitwazo Hansard, na yeyote aweza kuyasoma.

Tulipowasomea watoto wa darasa la saba jibu moja la Serikali juu ya maji, msichana mmoja alitaka kujua lita milioni moja ni ndoo ngapi. Tukafanya hesabu ubaoni kwa ndoo za lita 20, tukapata ndoo 50,000. Akaiandika katika daftari lake, akapiga mstari chini yake, kisha akanyosha mkono tena akauliza zitafika lini.