"Wote" au "Sote"?

Walimu wa lugha tuna tabia moja isiyowapendeza jamaa zetu: hata tunapoketi mbele ya televisheni kupumzika, masikio hukataa kupumzika. Ndivyo ilivyotupata kwa mchezo mmoja wa kuchekesha wa Kimarekani, uitwao Everybody Loves Raymond, ambao shirika la CBS liliuonyesha tangu mwaka 1996 hadi 2005, vipindi 210 kwa jumla. Sisi tuliupata kwa diski za kuazimana, hapa Uganda, baada ya kwisha huko kwao. Nao umetukaa moyoni kwa sababu ambayo aliyetuazima hakuikusudia.

Habari yenyewe ni nyepesi. Raymond Barone ni mwandishi wa habari za michezo. Anaishi na mkewe na watoto watatu katika Long Island, karibu na jiji la New York. Wazazi wake, Frank na Marie, wanakaa ng'ambo ya barabara, nao huingia kwake wapendapo. Pamoja na wazazi hao tunamkuta, vipindi vya mwanzo, Robert, mkubwa wake Raymond: sajini wa polisi, aliyetengana na mke, akalala tena chini ya paa la mama yake akiwa mtu mzima. Brad Garrett, aliyemwigiza, ana kimo cha zaidi ya mita 2, na hicho ndicho kinyume kinachochekesha, kwamba mtu mrefu kuliko wote nyumbani ndiye asiyeonekana. Ana na kitabia cha kugusisha chakula kidevuni kabla ya kukitia kinywani. Kila akigusa, watazamaji hucheka. Nasi tulicheka.

Marie hamfichi mtu kwamba kipenzi chake ni Raymond. Robert akileta habari ya kazini, ambako maisha yake yamo hatarini, hupewa sikio moja. Raymond akikohoa, mama huvuka barabara na sufuria.

Sasa, ndugu wasomaji, tulitazame jina la mchezo. Asiyejua hudhani ni sifa. Kumbe ni manung'uniko, na mwenye kunung'unika ni Robert: yeye hukabili risasi, na mdogo wake, aendaye uwanjani kutazama mpira, ndiye apewaye tuzo. Ray Romano, aliyemwigiza Raymond, ameeleza kwamba maneno hayo aliyatoa kwa ndugu yake mwenyewe, ambaye naye alikuwa askari polisi. Hivyo kila juma, kwa miaka tisa, mamilioni ya watu waliyatamka malalamiko ya kaka aliyesahauliwa, na wakadhani wanamtaja Raymond.

Tulilipeleka jina hilo darasani, tukawataka wanafunzi walitafsiri. Swali la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, katika hao wawili, kaka ni yupi?" Ni swali la haki. Neno la Kiingereza la ndugu wa kiume halisemi nani alitangulia kuzaliwa; kwetu, katika mazoea ya wazee, aitwaye kaka hutangulizwa hata katika salamu. Tulipowajibu, darasa likagawanyika. Wengine waliandika, "Wote wanampenda Raymond." Wengine, "Sote twampenda Raymond." Mmoja akakwepa kwa "kila mtu", akaketi ametulia. Kiingereza hakimwulizi msemaji kama naye yumo katika hao wapendao. Kiswahili chamwuliza, na Kiganda hakimwachi pia: ama ni bonna, ama ni ffenna.

Siku ile tuliwapa alama waliosema "wote". Tulieleza kwamba msemaji ana kinyongo, na mwenye kinyongo hujitoa katika hesabu. Leo twaona tuliwadhulumu wale wengine. Mtazameni Robert vizuri: haachi kwenda kwa Raymond, huketi naye, hula naye, na anapoonewa huyo mdogo, moto humwaka yeye. Laiti angeweza kumchukia! Mtu akimwonea wivu adui, huo ni mzigo mmoja. Akimwonea wivu ampendaye, ni miwili, na wa pili hakuna wa kumsaidia kuutua.

Kwa njia, tusidhani kwamba mkubwa kupitwa ni jambo la Wamarekani. Katika Buganda mtoto wa kwanza wa kiume wa Kabaka, aitwaye Kiweewa, kwa desturi hakupaswa kurithi kiti. Mwaka 1888 Kiweewa mmoja alitawazwa hata hivyo, na hakudumu miezi mitatu. Lakini hayo ni ya wafalme.

Ya kwetu ni madogo. Kaka yetu, kifungua mimba wa mama, aliacha shule mwaka ambao ada haikututosha wawili. Hakikuitishwa kikao cha kuamua. Muhula ulipofunguliwa, sanduku lililofungwa lilikuwa moja, naye ndiye aliyelibeba kichwani hadi kituo cha basi. Akawa mwashi. Nyumba anayokaa mama leo aliijenga yeye, kwa miaka, mchana akifanya vibarua vya watu na jioni akija kuongeza mistari miwili mitatu ya matofali. Sebuleni, kwenye ukuta alioupiga lipu kwa mkono wake, imetundikwa picha moja kubwa: ni yetu, tumevaa joho, siku tuliyotunukiwa stashahada ya ualimu. Msumari aliupigilia yeye pia. Kila mgeni huonyeshwa picha ile. Hatujapata kusikia mgeni akionyeshwa ukuta.

Tulikwisha tazama diski nyingi, tukimhurumia Robert kama watu wa pembeni, kabla ya kutambua tunakaa upande gani wa barabara. Raymond si mtu mbaya. Hakuomba kupendwa zaidi. Hupokea tu, akanyamaza. Twaujua unyamavu huo. Una starehe yake, na ndiyo maana haukomi upesi.

Likizo iliyopita kaka alitutembelea, tukamwekea mchezo huo na kumfasiria. Alicheka hasa penye kidevu, hata akajaribu mwenyewe kwa kipande cha muhogo. Kisha akauliza, "Huyu mrefu ataoa tena?" Tukamjibu kwamba ataoa, katika kipindi cha mwaka 2003, ila mama yake ataivuruga hata ibada ya arusi. "Basi tuendelee mpaka hapo," akasema.

Tulikuwa tumeandaa maneno ya kumwambia usiku ule, juu ya sanduku na juu ya picha. Tuliyapanga kama mwalimu apangavyo somo. Naye, macho yakiwa bado kwenye kioo, akasema kwamba yule mdogo ana bahati, kaka yake yuko ng'ambo ya barabara tu. Wetu hutumia siku nzima ndani ya basi. Tukainuka, tukatia diski nyingine.