Gari la Kaka na Deni la Kila Mwezi

Katika ukoo wetu mimi huitwa Mwalimu, ijapokuwa ni miaka kadhaa sasa tangu nilipoacha chaki na kuingia katika kazi ya ofisi ya serikali hapa Mbale. Jina hilo lilikuja pamoja na cheti changu cha ualimu. Tangu hapo kila karatasi ya Kiingereza, iwe ya hospitali, ya shamba au ya benki, huletwa kwangu niisome. Ni heshima, lakini ni mzigo pia. Leo nataka kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyosoma karatasi moja nusunusu, na hasara iliyofuata.

Kaka yangu alilitumikia jeshi kwa muda mrefu. Alipostaafu mwaka 2024 na kupokea kiinua mgongo chake, alikaa Jinja, akanunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani, apate kuchukua abiria. Hakufanya upuuzi. Bei ya petroli aliijua vizuri. Tena gari la umeme si jambo geni nchini kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari lake la Kiira EV mwaka 2011, mabasi ya umeme ya Kayoola yakaundwa katika kiwanda cha jeshi huko Nakasongola, na kiwanda cha Kiira Motors kimejengwa huko huko Jinja.

Lakini kioo cha gari hilo kilikuja na maandishi ya Kijapani na ramani ya barabara za Japani. Mfanyabiashara aliyeliuza akatia kioo kingine chenye laini ya simu ndani yake, kionyeshe barabara za Uganda. Kaka akaniletea mkataba. Nikasoma bei, nikasoma namba ya injini, nikasoma tarehe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na herufi ndogo, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi Mbale. Nikasema, "Kaka, weka sahihi."

Miezi saba ikapita. Ijumaa moja ya mwaka 2025 nilirudi kutoka kazini nikamkuta binti yake, anayesoma hapa Mbale, ameketi kizingitini na sanduku lake. Amerudishwa kwa sababu ya karo. Akainamisha kichwa akasema, "Baba Mdogo, Baba aliniambia nisikueleze."

Kesho yake nilipanda teksi alfajiri. Kutoka Mbale hadi Jinja kwa njia ya Tirinyi ni karibu kilomita 150, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama kaka yangu ameanza kulewa. La hasha! Nilimkuta akiosha gari. Shemeji akatuletea chai, akatuacha. Baada ya kimya kirefu kaka akasema, "Mwalimu, kioo hiki kinataka shilingi 60,000 kila mwezi. Nisipolipa, gari litazimika njiani na abiria wa watu ndani."

Akanieleza jinsi alivyolijua hilo. Jioni moja alikuwa akija Mbale, amekwisha kuchaji betri kwa jamaa yetu Iganga, akafika penye kinamasi cha mto Mpologoma. Giza linaingia. Mara kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno ya kudai malipo. Akasimamisha gari, akatoa simu, akalipa kwa fedha alizokuwa akipeleka shuleni. Kioo kikawaka. Tangu siku ile alilipa kioo kwanza, karo baadaye. Kwa miezi saba hiyo ni shilingi 420,000.

"Kaka, mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini, na wewe ndiye uliyesoma?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba ule mkataba, na safari hii nikausoma mpaka nukta ya mwisho. Malipo yalikuwa yameandikwa wazi: ya data na ya kuirekebisha ramani. Hapakuwa na neno lolote juu ya kuzima gari. Basi nikamwomba kaka aitoe laini ile. Tukaingia garini, tukazunguka mji wa Jinja, tukashuka hadi karibu na mto Nile, tukarudi nyumbani. Kioo kilikaa kimya. Gari lilitembea. Kaka hakusema kitu, ila alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza upya.

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo matatu. La kwanza ni umeme wa betri, ambao ndio unaosukuma magurudumu. La pili ni kujua mahali ulipo. Habari hiyo hutoka kwenye setilaiti, na kuipokea hakulipiwi hata senti moja. La tatu ni data, inayoleta ramani mpya na habari za msongamano barabarani. Hiyo ndiyo inayouzwa, na hapa Uganda ndani ya kila kifurushi mna ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Hata Uingereza, tarehe 1 Aprili 2024 kampuni ya Nissan ilipoondoa huduma ya simu katika magari yake ya umeme ya zamani, magari yale hayakusimama. Wenyewe walipoteza tu uwezo wa kuyatazama na kuyaagiza kwa simu.

Sisemi kwamba ramani mpya haina kazi. Daraja jipya la Nile pale Jinja lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, na ramani iliyochorwa kabla ya hapo itamwonyesha dereva akielea juu ya maji. Lakini zipo ramani za bure ambazo mtu huzipakua katika simu yake akiwa nyumbani, akazitumia safarini bila data, na kuzirekebisha baada ya miezi michache kwa kifurushi kidogo. Ndivyo kaka anavyofanya sasa. Laini ya kioo ameiacha.

Karo tuligawana nusu kwa nusu, na Jumatatu binti alirudi darasani. Nusu yangu siiiti msaada. Ni faini ya kusoma kwa haraka.

Wapo askari na polisi wengi watakaopokea viinua mgongo vyao mwaka huu, na wauzaji wanawangoja. Kabla ya kuweka sahihi, ulizeni: Baada ya bei, nitalipa nini tena kila mwezi? Nisipolipa, ni kipi kitakachokoma, na ni kipi kitakachoendelea? Je, naweza kuiacha huduma hiyo bila adhabu? Majibu yaandikwe. Nanyi mnaoitwa walimu katika koo zenu, someni hadi ukurasa wa mwisho, hata kama teksi inapiga honi nje. Kuuliza si ujinga. Na aliyeaminiwa kusoma ndiye apaswaye kuuliza kwanza.