Pua Iliyolala Kushoto

Gatwekera, Kibera, ya miaka ya tisini, mtoto aliyehema kwa shida alikuwa na pumu, na aliyekoroma alikuwa na nyama za pua. Mimi majirani walinipa yote mawili. Nilikuwa nimepigwa kiwiko cha pua tukicheza mpira uwanja wa Kamukunji, damu ikatoka, ikakauka, nikarudi mchezoni. Nani angepanga foleni hospitalini kwa ajili ya pua? Tangu hapo nikawa mtu wa kulala mdomo wazi.

Chumba chetu kilikuwa kile cha Kibera kinachojulikana, futi kumi kwa kumi, udongo ukutani na mabati juu. Stovu ya mafuta ya taa ilikaa mguuni mwa kitanda. Julai baridi ikibana, jiko la makaa liliingizwa ndani na mlango ukafungwa. Tabia hiyo imeua watu wengi Nairobi kwa hewa ya sumu, na hadi leo haijakoma. Usiku ndio niliouogopa. Nikilalia ubavu mmoja, tundu la chini linaziba. Nikigeuka, linaziba la pili. Mwisho nakaa kitako nikihema kama mchuuzi aliyekimbizwa na askari wa kanjo. Mama alinifukiza kwa majani ya mkaratusi, blanketi kichwani, kisha akanipaka Robb, dawa ya kupaka yenye mentholi, chini ya pua. Papo hapo hewa baridi ikaingia. Ningeapa kuwa njia imefunguka.

Kumbe haikufunguka. Miaka ya 1980 Ron Eccles, mtafiti wa Cardiff huko Wales, alipima pua za watu waliovuta mentholi. Walisema wanapumua vizuri zaidi, lakini vipimo havikuonyesha njia iliyopanuka. Ngozi ya ndani ya pua hutambua hewa kwa ubaridi wake, na mentholi huamsha neva zile zile za ubaridi. Mama hakuwa amenidanganya. Nafuu niliipata kweli, ila haikutokana na upana wa njia.

Haya niliyajua ukubwani, tumeshahamia Gatina, Kawangware, nilipofika kwa daktari wa pua, masikio na koo. Alimulika ndani akasema ukuta wa gegedu ulio katikati ya matundu umelala kushoto.

"Upande gani unakusumbua?"

"Wa kulia, daktari."

"Ulio wazi?"

Nilidhani amechanganya. Hakuchanganya. Pua ya binadamu hufanya kazi kwa zamu: tundu moja huvimba kidogo kwa saa kadhaa huku jingine likibeba mzigo, kisha hubadilishana. Mwenye ukuta uliopinda huzoea upande mwembamba mpaka anausahau. Upande mpana ukifikiwa na zamu ya kuvimba, pande zote mbili huwa zimebana, naye hulalamikia ule uliokuwa ukimwokoa. Isitoshe, nyama laini za upande mpana mara nyingi hunenepa kujaza nafasi iliyobaki.

"Watu wengi wamepinda kama wewe na hawajui," akasema. "Kijana, unapikia nini?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kawangware tulikuwa tunapikia gesi, na jikoni palikuwa mbali na kitanda. Pua ilikuwa imepata nafuu bila gegedu kusogea hata kidogo. Ilirudia kuziba Januari, vumbi la barabara ya Naivasha lilipotanda, na jioni ambazo taka zilichomwa karibu na soko. Moshi na vumbi huvimbisha ngozi ya ndani, na katika njia iliyokwisha kubanwa, uvimbe mdogo unatosha kumnyima mtu usingizi.

Sisemi kisu cha kunyoosha ukuta huo ni bure. Mwaka 2023 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusu watu wazima 378 wenye ukuta wa pua uliopinda na pua zinazoziba. Baada ya miezi 6, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa dawa za kupulizia. Mimi dawa ya kupulizia na hewa safi vilinitosha.

Wewe ambaye ndugu zako wanakuchangia pesa za upasuaji, kwanza mwambie daktari ni tundu gani linaziba na saa ngapi, unapikia nini, na unalala hatua ngapi kutoka kwenye jiko. Yale matone ya kuzibua pua ya kemisti usiyazoee: ukiyatumia zaidi ya siku chache, yenyewe huanza kuiziba.