Kadi ya Bima Si Kanga ya Kampeni

Dada zangu, na hasa mabibi harusi watarajiwa.

Wengi mnanijua kwa mashela na mabaibui. Mwaka wa nane sasa niko Kahama, mkoani Shinyanga, na nguo zangu hufika hadi Geita. Huku harusi hufuata dhahabu. Ikitoka, oda zinamiminika. Duara likikauka, hata aliyetoa kianzio hurudi kukidai. Leo tuzungumze kitu kisichowekwa kwenye sanduku la bi harusi: bima ya afya.

Sisi tuliokulia Unguja tumezoea kusikia kuwa matibabu ni bure tangu enzi za Mzee Karume. Bara mambo ni mengine. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio mwaka 1996 Igunga, jirani zetu hapa. Ulipoboreshwa, kaya ya watu 6 ikawa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Shika neno hilo: kwa mwaka.

Kwenye mikutano ya siasa halitajwi. Mwanasiasa hununua kadi, akazigawa mbele ya kamera, watu wakapiga vigelegele. Binti mmoja ninayemfundisha kushona, mumewe ni mchimbaji mdogo, walipata yao hivyo hivyo. Mwaka uliofuata mume akavunjika mguu duarani. Walipofika hospitali, kadi ilikuwa imekwisha muda. Aliyewapa hakuwaambia kuwa hulipiwa upya, nao waliichukulia kama kanga ya kampeni: ukishapewa ni yako. Cherehani ya yule binti ikauzwa kulipia matibabu.

Kutoa si vibaya, sadaka ina thawabu zake. Lakini mfuko wa bima huishi kwa michango ya kila mwaka, wazima wakiwabeba wagonjwa. Watu wakizoeshwa kupewa, hawachangii. Uchaguzi ukipita, mgawaji haonekani, na mfuko unabaki na wagonjwa tu.

Juu nako ni hivyo hivyo. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifika bungeni mwaka 2022, ukaahirishwa huku ikiulizwa fedha zitatoka wapi, ukapitishwa Novemba 2023. Swali la fedha lilikuwa la haki. Ila kampeni za 2025 zilipofika, jambo lililokwisha kuwa sheria lilirudi majukwaani kama ahadi: Rais Samia alisema utekelezaji utaanza ndani ya siku 100 za mwanzo. Mimi naona haki iliyokwisha kuandikwa ni amana, na amana haisubiri kura. Mgonjwa naye haumwi kwa kufuata ratiba ya uchaguzi.

Basi bi harusi, kabla hatujachagua kitambaa, muulize mchumba wako: tutatibiwa kwa bima gani, na inaisha lini? Akiwa ameajiriwa mgodi mkubwa, uliza kama mke na watoto wanaingia. Akiwa mchimbaji mdogo, kubalianeni kutenga pesa ya bima siku dhahabu inapotoka, kabla ya kununua makochi. Na ukipewa kadi mkutanoni, sema Alhamdulillah, kisha uliza mbele ya watu wote: mwakani analipa nani?

Allah awajaalie ndoa zenye afya na utulivu. Amin.