Tope la Nduwa na Hesabu ya Kuzama

Mwaka 1848 Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Miaka 3 baadaye, huko Uingereza, George Gabriel Stokes alitoa kanuni ya mwendo wa punje inayozama katika kimiminika. Wakati huo Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa na mifereji yao ya siku nyingi, pamoja na nduwa, vibwawa vinavyolimbikiza maji usiku ili yafunguliwe asubuhi yaende migombani. Nduwa hutunza maji, lakini pia hulipa tope nafasi ya kutuama. Kwa kanuni ya Stokes, katika maji ya nyuzi 20 punje ya tope yenye upana wa sehemu 1 ya 100 ya milimita huzama mita 1 kwa saa 3 hivi. Ipunguze upana mara 10, mwendo unapungua mara 100: mita ile ile itachukua karibu siku 13. Ndiyo maana maji yaliyolala usiku mmoja huacha punje kubwa chini, huku yenyewe yakibaki na rangi ya udongo. Tena maji ya mlimani ni baridi. Yakiwa nyuzi 10, punje huzama polepole zaidi, kwa kiasi cha robo hivi.

Atakayesema wazee walichimba nduwa bila hesabu asemayo ni kweli, na ujuzi wao nauheshimu. Ila jicho huzoea kile linachokiona kila siku, na kimiminika kigeni hulipotosha. Tangu gesi ilipogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, Tanzania nayo inahusika na kimiminika cha namna hiyo: tope la kuchorongea visima, ambalo mara nyingi huwa na udongo wa bentonaiti. Pampu ikisimama, tope hilo hushikana kama uji uliopoa, likavibeba vipande vya mwamba visije vikaifukia keekee. Stokes angesema vitazama, kwa sababu kanuni yake huchukulia kwamba kimiminika husalimu amri kwa msukumo wowote, hata mdogo. Kitabu cha Eugene Bingham cha mwaka 1922 kilieleza vitu visivyotiririka mpaka visukumwe kupita kiwango fulani. Kwangu haya ndiyo mageuzi makubwa: kabla ya kuuliza kipande kitazama kwa kasi gani, mhandisi huuliza kama uzito wake unatosha kulivunja shiko la tope. Je, basi Stokes atupwe? Hapana. Kwa punje laini katika maji matulivu hesabu yake ingali inasimama, na asubuhi nduwa ikifunguliwa, tope la kuzoa kwa jembe liko pale pale chini.